Vifuniko vya lenzi za darubini ya bunduki: kupata saizi, kuchagua aina na kuvielekeza

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Darubini yangu imeandikwa 50, je, ninunue kifuniko cha 50? Mlango ufungukie juu au kando? Mbona cha nyuma kinagongwa na mkono wa bolti? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa mwenye bunduki ya bolti anayeimiliki kwa leseni, awe mwindaji, mbeba bunduki wa kampuni ya uwindaji, au mlengaji wa uwanjani. Mifano mingi inatoka porini Tanzania, kwenye vumbi la kiangazi na magari ya wazi, kwa sababu huko ndiko lenzi huumia upesi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo msomaji wa huko atakuwa zaidi uwanjani, na kwake hata kifuniko rahisi cha mpira kinatosha.

Katika maelezo yote, "kushoto" na "kulia" ni pande zako ukiwa umeegemeza bunduki begani. Kifuniko kina sehemu mbili: pete inayovaa darubini, na mlango unaofunguka kwa bawaba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalipa ya vernia, kifaa cha taya mbili cha kupimia kipenyo. Ukiikosa, mkanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 1, penseli kali na rula ya milimita.
- Brashi laini ya lenzi na kipulizio cha mpira.
- Kitambaa cha mikrofaiba ambacho hakijawahi kugusa mafuta ya bunduki.
- Spiriti kidogo na pamba, kwa ajili ya chuma cha nje tu.
- Tepu nyeusi ya umeme.
- Maji ya moto yasiyochemka, kwenye bakuli.
- Kadi ngumu ya karatasi, mfano kadi ya biashara.
- Mahali penye mwanga mzuri pa kuegemeza bunduki bila kuyumba.

Gundi haimo kwenye orodha, na haimo kwa makusudi. Gundi zile zinazokauka papo hapo hutoa mvuke unaotua kwenye kioo na kuacha utando mweupe. Darubini nzuri inaweza kuharibiwa na tone moja lililowekwa ili pete "isicheze".

Hatua ya 1: Toa risasi

Toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Risasi ziweke chumba kingine. Utakuwa ukisogeza uso mbele na nyuma ya bunduki hii kwa nusu saa nzima, kwa hiyo usiruke hatua hii hata kama "unajua" haina kitu.

Hatua ya 2: Jua nini kinazunguka

Kabla ya kupima chochote, zungusha kila kinachozunguka kwenye darubini yako ukiangalia ncha zake mbili.

Upande wa jicho, zungusha pete ya kukuzia picha kutoka namba ndogo hadi kubwa. Kwenye darubini nyingi za sasa inazunguka pete peke yake. Kwenye nyingine, ukuzaji unazungusha sehemu nzima ya nyuma pamoja na ukingo wake. Kifuniko kikivaa hapo kitazunguka nacho: mlango uliokuwa unafungukia kushoto kwenye ukuzaji wa 3 utakuwa unafungukia juu au kulia kwenye 9. Zungusha pia pete ya kurekebisha uoni wa jicho, maana kuna darubini ambazo pete hiyo ndiyo ukingo wenyewe.

Upande wa mbele, angalia kama umbali unarekebishwa kwa kuzungusha kikombe cha mbele, yaani ile sehemu pana yenye lenzi kubwa. Kama ndivyo, kifuniko cha mbele nacho kitazunguka. Darubini yenye nobu ya umbali upande wa kushoto haina shida hiyo, ila nobu yenyewe inahitaji nafasi, na tutairudia.

Andika ulichokiona. Ndicho kitakachoamua aina ya kununua.

Hatua ya 3: Pima kipenyo cha nje

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Namba iliyo baada ya alama ya × kwenye darubini, kama 40 kwenye 3-9×40 au 50 kwenye 4-12×50, ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita; zilizotangulia ni ukuzaji. Kifuniko hakivai kioo, kinavaa chuma kinachozunguka kioo, na unene wa chuma hicho hutofautiana toka kampuni hadi kampuni. Darubini ya 50 kwa kawaida huwa na kipenyo cha nje cha milimita 56 hadi 58. Ya 56 hufika kama 62. Zile fupi za porini zenye lenzi ya 24, ambazo mbele hazipanuki, mara nyingi zina milimita 30 kamili, kwa sababu mbele ni bomba lilelile. Hizi ni za kukupa picha tu. Pima yako.

Kwa kalipa: pima kwenye ukingo kabisa, kisha milimita 10 nyuma ya ukingo. Vipimo vikitofautiana, kikombe chako kinachongoka, na pete ya kusukumia itajivua polepole kila bunduki inapopiga teke. Kumbuka jambo hilo utakapofika hatua ya 5.

Kwa karatasi: zungusha mkanda kwenye ukingo uukaze bila kuukunja, weka alama pale unapojikuta, ufungue na upime urefu kati ya alama. Gawanya kwa 3.14. Ukipata milimita 179, kipenyo ni 57. Njia hii inaonekana ya kizamani lakini si mbaya hata kidogo, kwa kuwa kosa la milimita 1 kwenye karatasi huwa kosa la milimita 0.3 tu kwenye kipenyo. Rula ikiwekwa juu ya kioo inakosea zaidi ya hapo, tena inaweza kukikwaruza.

Rudia upande wa jicho. Huko vipenyo vya milimita 40 hadi 46 ndivyo vya kawaida. Usifikirie kwamba pande mbili za darubini moja zinauziwa kifuniko kimoja: kampuni ya Butler Creek, kwa mfano, ina orodha ya namba za mbele na orodha nyingine ya nyuma, na unanunua kila kimoja peke yake.

Hatua ya 4: Pima nafasi iliyobaki

Pete ya kifuniko huongeza milimita 2 hadi 3 kila upande. Tazama sehemu tatu.

Kwanza, kati ya kikombe cha mbele na mtutu. Kama darubini yenye lenzi ya 50 au 56 imefungwa kwa vishikio vifupi, huenda pakabaki nafasi ya karatasi tu. Kifuniko kikigusa mtutu, mtutu hauchezi kwa uhuru na risasi zinahama. Taka angalau milimita 4 kabla ya kifuniko. Angalia pia shabaha ya chuma ya nyuma (kipande cha kulengea bila darubini) iliyoko juu ya mtutu, kama bunduki yako inayo. Kikombe kinaweza kuupita mtutu salama kikagonga shabaha hiyo.

Pili, kati ya ukingo wa nyuma na mkono wa bolti. Inua bolti taratibu. Bunduki za mtindo wa Mauser 98, pamoja na CZ 550, huinua mkono kwa nyuzi 90, kwa hiyo hufika karibu sana na darubini. Weatherby Mark V huinua nyuzi 54 na haileti usumbufu huo. Kama vidole vyako tayari vinaparuza darubini, kifuniko kinene cha nyuma kitakuudhi kila unapopakia risasi ya pili, na kwa mwindaji wa mbogo risasi ya pili si jambo la kusubiri.

Tatu, kati ya ukingo wa nyuma na nyusi yako. Darubini nyingi zimetengenezwa kwa jicho kukaa kama milimita 90 nyuma ya kioo. Pete inayochomoza milimita 8 inakula nafasi hiyo. Kwenye bunduki ya risasi ndogo kama .270 huenda usihisi. Kwenye zile za risasi kubwa zenye teke kali, kama .375 H&H au .458, utapasuka nyusi. Kama nafasi yako ni finyu, chagua pete fupi isiyozidi milimita 3 nyuma ya ukingo, au nyuma usiweke kifuniko cha kudumu kabisa.

Hatua ya 5: Chagua aina

*Cha kusukumia, chenye mlango wa bawaba.* Ndicho maarufu na ndicho tunachokipendekeza kwa bunduki nyingi za porini, mradi kikombe hakichongoki na ukingo wa nyuma hauzunguki. Kinafunguka kwa kidole gumba, hakipotei, na bei yake inavumilika. Udhaifu wake ni bawaba: kwenye vichaka vya miombo tawi likinasa mlango uliosimama, bawaba ndiyo inayokatika. Tafuta kile ambacho mlango wake unalala kabisa hadi kugusa mwili wa darubini, na ukwepe kile ambacho mlango wake unabaki umesimama.

*Cha skrubu.* Kinaingia kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya ukingo wa mbele, na kina pete ya kukazia inayokuruhusu kuamua mlango uelekee wapi. Hakijivui kwa teke la bunduki. Kinunue kwa jina na modeli ya darubini, maana darubini mbili zenye lenzi ya 50 zinaweza kuwa na nyuzi tofauti kabisa.

*Cha alumini chenye skrubu ndogo ya kubana.* Kigumu, kizuri, ghali. Kinafaa kikombe kinachochongoka kidogo. Kaza mpaka kisizunguke kwa mkono, kisha acha.

*Cha mpira wa kuvuta.* Vipande viwili, mbele na nyuma, vimeunganishwa kwa mikanda ya mpira. Unakivua chote kwa mara moja. Ndicho jibu la mwenye ukingo wa nyuma unaozunguka, mwenye nafasi finyu ya bolti, na mwenye darubini inayotoka na kurudi kwa vishikio vya haraka. Kina kasoro mbili: kinapotea, na mikanda yake ikikwangua nobu zisizo na kofia inaweza kuzizungusha bila wewe kujua. Mkanda wa tyubu ya baiskeli na vipande viwili vya ngozi hufanya kazi ileile, na kwa safari ya siku mbili hakuna haja ya kudharau hilo.

*Soksi ya neoprini.* Ni ya safarini na ya kwenye gari, ikizuia vumbi na mikwaruzo ya darubini nzima. Usiwinde nayo. Inachukua muda kuivua na ikilowa inashikilia maji.

Vile vyenye milango ya plastiki angavu vinauzwa kwa ahadi kwamba unaweza kulenga bila kufungua. Unaweza, kwa picha yenye ukungu, plastiki ikiwa bado mpya. Baada ya msimu mmoja wa vumbi itakuwa imekwaruzika na hutaona kitu. Usiache pesa huko.

Hatua ya 6: Safisha lenzi, kisha chuma

Puliza vumbi, halafu piga brashi, halafu ndipo kitambaa, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Mpangilio huo una maana: vumbi la porini lina chembe za mchanga, na kitambaa kikitangulia kinazisaga juu ya tabaka la kioo. Shati lako halihusiki hapa. Wala dawa ya kusafishia madirisha.

Kisha futa ukingo wa chuma kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kugusa kioo. Mafuta ya bunduki yakibaki hapo, pete itateleza.

Nawa mikono kabla ya kushika vifuniko, hasa kama umejipaka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Dawa hiyo huyeyusha baadhi ya plastiki. Alama za vidole zinazonata kwenye milango ya vifuniko chanzo chake mara nyingi ni hicho.

Hatua ya 7: Anza na cha nyuma

Cha nyuma kina vikwazo vingi zaidi, kwa hiyo ndicho kinachotangulia.

Kichovye kwenye maji ya moto dakika moja, kikaushe vizuri, kisha kisukume moja kwa moja kwa viganja viwili. Usikizungushe kama kizibo cha chupa kwenye darubini ambayo ukingo wake ndio pete ya uoni, utaivuruga.

Kwa bolti ya kulia, mlango ufungukie kushoto, au juu-kushoto. Kulia ndiko mkono wa bolti unakopanda. Juu kabisa panakubalika iwapo mlango unalala hadi kugusa mwili wa darubini. Mlango unaosimama wima utagonga ukingo wa kofia yako, na utajua hivyo wakati mbaya. Chini hapafai kamwe, kwa kuwa mlango utakutana na bolti na kitako. Anayetumia bolti ya kushoto ageuze maelekezo haya.

Kama ukingo wako unazunguka na ukuzaji na bado umeamua kuweka mlango, weka darubini kwenye ukuzaji unaotembea nao porini, tuseme 4, kisha elekeza mlango kushoto hapo. Zungusha hadi mwisho na uhakikishe mlango haufiki kwenye bolti mahali popote.

Hatua ya 8: Weka cha mbele

Kwa ujumla, kifungukie upande uleule wa cha nyuma. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kitazoea kufanya kazi mbili upande mmoja. Lakini kama nobu ya umbali iko kushoto na mlango ukilala unaifikia, peleka mlango juu-kushoto. Kama mlango ukilala juu unaficha namba za nobu ya juu, na wewe ni mtu wa kusoma namba hizo, uzungushe tena. Kwenye vishikio vya haraka, hakikisha wenzo wake unaweza kufunguka mlango ukiwa wazi.

Darubini ya kikombe kinachozunguka: weka umbali kwenye mita 100, elekeza mlango juu, na ukubali kwamba utahama kidogo. Pete isifunike namba za umbali.

Cha skrubu, anza kwa kukizungusha kinyume mpaka usikie nyuzi zimekaa, ndipo ukaze kwa vidole. Kikikataa, usikilazimishe. Nyuzi za alumini zikiparuzika hazirudi.

Hatua ya 9: Kagua

1. Pitisha kadi kati ya kifuniko na mtutu, mlango ukiwa umefungwa, kisha ukiwa wazi. Lazima ipite bila kukwama.
2. Fungua na funga bolti mara 10 kwa kasi, milango ikiwa wazi.
3. Bunduki begani, macho yamefumbwa. Fumbua. Pete au mlango usiguse kofia, nyusi wala miwani.
4. Angalia ndani kwenye ukuzaji mdogo kabisa. Darubini za kuanzia 1 zina uwanja mpana kiasi kwamba mlango uliosimama mbele huonekana kama kivuli ukingoni.
5. Fungua milango polepole ukiisikiliza. Mlio wa "tak" asubuhi tulivu unatosha kumwondoa tandala. Zuia mlango kwa kiganja unapofunguka.
6. Piga risasi tatu uwanjani kwenye shabaha ya mita 100. Kama kundi limehama kutoka ulipoliacha, rudi kwenye namba 1.

Makosa na tiba zake

*Pete inacheza.* Zungushia ukingo tepu ya umeme mara moja, kisha vaa tena. Tepu ya unene wa milimita 0.15 hadi 0.18 huongeza kipenyo kwa 0.3 hadi 0.36. Ukihitaji mizunguko zaidi ya miwili, saizi si yako, kaibadilishe.

*Pete imekataa kuingia hata baada ya maji ya moto.* Usiisugue ndani kwa msasa. Itapoteza umbo na vumbi litapita upande mmoja. Chukua saizi inayofuata.

*Inajivua kila ukipiga risasi.* Futa mafuta upya kwanza. Kama bado, kikombe kinachongoka: hamia kwenye cha skrubu au cha kubana.

*Mlango wa nyuma haufunguki hadi mwisho.* Springi imechoka au mchanga umeingia kwenye bawaba. Osha kwa maji na brashi, bila mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi jipya. Ukibaki nusu wazi, uondoe kabisa, kwani mlango wa nusu unaelekea usoni mwako.

*Kioo kina ukungu ukifungua.* Ulifunga vifuniko juu ya lenzi yenye unyevu, au umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia kwenye hewa yenye joto na unyevu. Acha wazi kivulini, usipulize kwa mdomo. Ukungu ulio ndani ya darubini yenyewe, usiofutika, ni suala la fundi: gesi kavu iliyojazwa ndani imetoka.

*Madoa kama utandu wa buibui.* Ni kuvu, na ukanda wa pwani kutoka Mombasa hadi Mtwara unaipenda. Bunduki inapokaa kabatini wiki kadhaa, acha milango wazi, vua soksi ya neoprini, na weka pakiti za silika karibu na darubini. Pakiti zikishashiba unyevu, zibadilishe.

*Mpira umepasuka kwenye mikunjo.* Jua la dashibodi. Mpira wa kuvuta ukianza kuonyesha nyufa nyembamba ukiuvuta, badilisha kabla ya safari. Huwa unakatika asubuhi ya kwanza, na kipande cha mbele hakionekani tena.